Kutoka Roshani ya Mama Mkwe

Pale kwenye jengo walimwita Bi Meno, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia katika karakana ndogo nyuma ya kliniki, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Kutwa alikuwa ameinamia nta na plasta, akipanga meno ya watu asiowajua kwenye fizi za rangi ya waridi, akilinganisha jino na jino mpaka macho yanamuuma. Watu hudhani meno ni meupe. Yeye alijua kwamba jino jeupe halipo. Kuna la maziwa, la mchanga, la majivu, la chai iliyokolea maziwa, na la mvuta sigara aliyeacha.

Nyumbani, ghorofa ya nne, aliishi na mama mkwe wake, wawili tu. Mume wake, mtoto pekee wa kiume wa mama huyo, alikuwa amekwenda nje ya nchi kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu kila siku, halafu kila wiki, halafu sikukuu kwa sikukuu, na siku hizi akipiga alimpigia mama yake tu. Mama mkwe akishaweka simu chini alikuwa akisema, "Mume wako anakusalimu sana. Anasema ujitunze." Bi Meno alijibu, "Nimezipokea," akaendelea na shughuli zake. Watu wa jengo walizoea kuwaona wameshikana mikono wakishuka ngazi siku lifti imegoma, na mgeni alidhani ni mtu na mama yake mzazi. Bi Meno hakujisumbua kumsahihisha.

Mama mkwe alikuwa dobi wa hospitali. Maisha yake yote ya kazi alifua mashuka ya wagonjwa na kuyaanika juu ya paa, kamba kwa kamba, na huko juu ndiko alikofahamiana na ndege. Si kwamba aliwapenda. Shuka likishachafuliwa na njiwa lilirudi kwenye pipa, na mgongo ndio uliolipia.

"Nilianza kuwatazama kama askari anavyotazama wezi," alikuwa akisimulia. "Nikataka nimjue mwizi kwa sura. Nikajua huyu anakuja asubuhi, huyu ni mpita njia, huyu hana kosa maana hatui kabisa. Nilipokuja kushtuka, nimeshawapenda, basi tena."

Alipostaafu alinunua darubini iliyokwisha kutumika, nzito kama pasi ya mkaa, akaweka kiti roshani, na watoto wa jengo wakamwita Bibi Darubini.

Halafu ikaja presha ya macho. Ilimla kutoka pembeni, polepole, kama mtu anayevuta pazia huku na huku. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki nacho hakikulindika. Kiangazi kilipokaribia mwaka ule, alikuwa akiona mwanga na kivuli tu, na mtu akisimama mbele yake alimwona kama nguo iliyotundikwa. Bado aliketi roshani kila jioni. Darubini ilikaa mapajani.

Ndipo Bi Meno alipopewa kazi ya pili, asiyoiomba.

"Kuna ndege pale kwenye waya," alisema siku ya kwanza, akidhani amesaidia.

"Ndege gani?"

"Ndege tu, Mama. Mdogo."

"Mdogo kama nini? Kama ngumi? Kama kidole gumba? Mkia wake ukoje?"

"Anao."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Mwanangu, mtu akija kwako hana meno, ukampa 'meno tu', atakwenda kutafuna nini?"

Bi Meno akacheka, akaangalia tena. Hivyo ndivyo walivyoanza. Mpaka siku hiyo hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Chumvi imezidi, chumvi imepungua, dawa umemeza, bado. Sasa jioni nzima ilikuwa maneno. Mama mkwe alikuwa mwalimu mkali. Hakutaka kusikia kwamba ndege ni mzuri. "Mzuri ni rangi gani hiyo? Nipe kichwa. Nipe mdomo. Nipe miguu kama anayo." Na alikuwa na sharti moja, alilolisema siku za mwanzo na hakulirudia.

"Usinionee huruma. Kama hakuna kitu, sema hakuna kitu. Ukinitungia ndege mmoja, hata wale wa kweli sitawaamini."

"Sawa, Mama."

"Si sawa ya mdomoni."

"Sitakutungia."

Kiangazi kikaingia. Jua likawaka tangu asubuhi, vumbi likapanda mpaka ghorofa za juu, watu wakaanza kutembea upande mmoja wa barabara kufuata kivuli. Ng'ambo kulikuwa na jengo la ofisi, chini yake duka la mazulia, na kwenye ukingo wa jengo hilo, chini kidogo ya usawa wa roshani yao, palikuwa na mabaki ya kiota cha udongo, mfano wa kikombe kilichomeguka mdomo. Jioni moja Bi Meno alirudi kazini, hata viatu hajavua, akaona.

"Mama, wawili. Wameshika ukuta. Mgongo wa buluu, lakini buluu nzito, kama wino uliomwagika. Paji la uso lina rangi ya kutu. Mkia umegawanyika, ncha mbili nyembamba kama nyuzi."

"Koo?"

"Kutu vilevile. Halafu mstari mweusi. Halafu tumbo..." Akasita, akitafuta. "Tumbo ni jino la mtoto wa miaka saba."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Sasa umeanza kusema. Hao ni mbayuwayu. Wamerudi."

Wakawa wanawafuatilia kama watu wanavyofuatilia ndoa ya jirani. Mbayuwayu walikarabati kiota kwa vidonge vya udongo, kimoja kimoja, na mama mkwe akataka kujua wanautoa wapi na nchi yote imekauka. Bi Meno alishuka kuchunguza, akazunguka mtaa mzima kwenye jua, akarudi na jasho na jibu. Walikuwa wakiuchota nyuma ya kituo cha mafuta, mahali pa kuoshea magari, kwenye tope la maji yenye povu.

"Kwa hiyo nyumba yao ina sabuni," mama mkwe akasema, ameridhika. "Dobi wenzangu."

Kazini, Bi Meno alianza kufunga meza yake mapema. Mwenzake wa karakana, fundi wa plasta, mwanamke mnene mwenye mdomo, alimwona anavyokimbilia mlango.

"Unamwahi nani? Mume amerudi?"

"Namwahi mama mkwe."

"Mama mkwe? Wenzio wanachelewa makusudi."

Vifaranga walipototolewa, Bi Meno alijua kwa sababu wazazi waliacha kuingia kiotani wakawa wanasimama mlangoni. Baadaye vikatokeza vichwa, vinne, na midomo ya njano iliyopanuka kupita vichwa vyenyewe. Mzazi akifika na mdudu, wote wanne walipiga kelele na mmoja tu akala. Watatu walikuwa sawa. Wa nne alikuwa mdogo, amesukumwa nyuma, akionekana wenzake walipoinama.

"Na wa nyuma?" mama mkwe aliuliza kila jioni.

"Amepata mara moja."

"Mara moja haimtoshi."

"Ndivyo nilivyoona, Mama."

"Basi ndivyo ilivyo."

Siku hizo mama mkwe alikuwa na maneno ya ajabu ajabu. Alisema, "Laiti ningekaa mpaka waruke." Bi Meno akamuuliza anakwenda wapi. "Mtu mzima akisema anakwenda, anakwenda wapi?" akajibu, akageuza uso. Bi Meno akadhani ni mambo ya uzee, akamletea chai, akayasahau.

Wifi yake alikuja Alhamisi jioni, bila taarifa, na begi kubwa tupu. Alikuwa mdogo wa mume wake, muuzaji wa duka la dawa, na alikaa mji mwingine, kutwa nzima kwa basi, na mume na watoto watatu. Mara ya mwisho kufika pale alikuja na habari ya msiba. Bi Meno alipofungua mlango na kuona ile sura, aliuliza kabla ya salamu.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, wifi. Nipe maji kwanza."

Alikunywa amesimama. Kisha akaketi kwenye ncha ya kochi, begi amelikumbatia, akatazama sakafu.

"Kaka ameoa."

 Bi Meno alikuwa ameshika kile kikombe kitupu cha maji.

"Ameoa hukohuko. Wana mtoto, wa kike. Ameshaanza kutambaa."

"Na mimi?"

"Amesema amekuacha. Amesema nikwambie kwa mdomo, mengine yatafuata." Wifi akapangusa uso kwa kiganja. "Na nyumba hii mkataba uko kwa jina lake. Anairudisha mwisho wa mwezi. Mimi nimekuja kumchukua Mama. Basi la Jumapili."

Ajabu ni kwamba Bi Meno hakuanza na mume. Yule alikuwa amekwisha kuwa sauti ya mbali, na sauti ya mbali hata ikinyamaza mtu haanguki. Alianza na mama.

"Mama akae na mimi," alisema. "Nitatafuta mahali. Macho yake unayajua yalivyo, hapa amezoea, anajua mlango uko wapi, choo kiko wapi. Dawa za macho mimi ndiye ninayemtia. Kwako atakaa na nani mchana?"

"Atakaa peke yake."

"Sasa?"

"Wifi, unadhani mimi nimeomba?" Sauti ya wifi ilianza kukwaruza. "Nyumba yangu ina vyumba viwili. Mume wangu hajui bado atamwambia nini Mama akimkuta sebuleni. Lakini watu wataniuliza, mama yenu anakaa kwa nani? Niwajibu nini? Anakaa kwa mwanamke aliyeachwa na kaka? Wewe sasa ni nani yake?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kupewa jibu, na Bi Meno akalitafuta. Neno la mkwe lilikuwa limekufa muda mfupi tu uliopita, hapo hapo kwenye kochi. Mengine yote aliyoyapata hayakuwa na jina.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa kitini mwake, kichwa amekiinamisha upande kama anavyofanya akisikiliza.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Husemi kitu?"

Mama mkwe alipapasa ile darubini, akaigeuza, akairudisha ilivyokuwa.

"Nilikuwa najua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto hajazaliwa."

Nje magari yalikuwa yakipiga honi, na vifaranga wa ng'ambo walikuwa wakilia, mzazi alikuwa amefika. Bi Meno akaenda kusimama mbele ya kiti, akamzibia mama mkwe mwanga.

"Zile salamu," alisema. "Mume wako anakusalimu. Ujitunze."

"Zangu."

"Zote?"

"Za mwaka jana, chache zilikuwa zake. Hizi za karibuni ni zangu mwenyewe." Mama mkwe akashika mkono wa kiti. "Nilimwomba asikwambie. Nilimwambia, mwache, subiri. Ukijua utaondoka, na ungekuwa na haki yako ya kuondoka. Mimi ningebaki na nani? Nilikuhitaji, mwanangu. Sikutazama mbali zaidi ya hapo."

"Uliniambia nisikutungie ndege hata mmoja."

"Nilikwambia."

"Wewe ukanitungia mume."

 Mama mkwe aliuelekeza uso palipokuwa na sauti, na Bi Meno akaondoka akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakulia. Alikaa kitandani akijaribu kukumbuka ni salamu ipi ilikuwa ya mwisho ya kweli, akashindwa kuitofautisha, zote zilikuwa za sauti moja.

Ijumaa alikwenda kazini, akarudi kwa kuchelewa. Alipika, akapakua, akamtia mama mkwe dawa ya macho, tone huku, tone huku, akampa kitambaa cha kujifutia. Hakuna alichoacha kufanya. Ila hakusema neno la ndege. Mama mkwe alikwenda roshani kama kawaida, akakaa, mkono juu ya darubini. Naye hakuuliza.

Wifi ndiye aliyekuwa akizungumza, maana nyumba ikinyamaza sana mtu hutafuta la kusema. Alikuwa akikunja nguo za mama yake na kuzipanga kwenye begi.

"Hatuwezi kungoja kidogo?" mama mkwe alimuuliza. "Wiki moja tu."

"Kungoja nini, Mama?"

"Wale watoto waruke."

Wifi aliacha kukunja. Alimtazama mama yake, akamtazama Bi Meno aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, kama anayeuliza tatizo hili limeanza lini. "Nimemlilia bosi wangu mpaka akanipa ruhusa," alisema taratibu. "Nikamwambie nimechelewa kwa sababu ya ndege?"

 Mama mkwe alikuwa ameuliza kwa heshima tu, kwa sababu kuuliza hakuna hasara.

Jumamosi karakana hufungwa. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba lami ya barabarani ilinasa viatu. Bi Meno alitoka kwenda roshani kuanua nguo na akakuta mambo yameanza. Kifaranga wa kwanza alikuwa amesimama nje kabisa ya kiota, kwenye ukingo, akitetemesha mbawa. Wazazi walikuwa wakipita mbele yake na wadudu mdomoni bila kumpa. Akaruka. Alishuka kama kitu kilichodondoshwa, kisha hewa ikamkamata, akapanda, akavuka barabara juu ya magari na kutua kwenye waya, mkia wake mfupi bado hauna zile nyuzi. Wa pili hakuchelewa. Wa tatu alijivuta, akarudi ndani, akatoka tena, akaenda.

Bi Meno alisahau nguo begani. Maneno yalikuja yenyewe, amefunzwa vizuri. Mgongo haujawa wino, ni masizi. Kutu ya paji imefifia, kama chai iliyoongezwa maji. Midomo bado ina pembe za njano. Yote yalikuwa tayari kwenye ulimi, na hatua mbili pembeni yake mama mkwe alikuwa kitini, shingo ameinyoosha, akigeuza sikio kufuata kelele kutoka ukingoni mpaka kwenye waya. Mikono yake ilikuwa imeishika darubini kwa nguvu. Alikuwa akijua kinachotokea. Alichokosa ni kukiona.

Angeuliza, labda Bi Meno angejibu. Hakuuliza.

Wa nne, yule mdogo, alitoka mwisho. Hakuruka. Aliteleza, au aliogopa kuachwa, akapiga mbawa upande mmoja, akaanguka juu ya bati la kibaraza cha duka la mazulia. Bati hilo lilikuwa limepigwa jua tangu asubuhi. Alijaribu kusimama, akakaa kwa mbawa zilizotanuka, mdomo wazi. Wazazi walimzunguka wakilia, wakashuka karibu, wakapanda tena. Mtu wa duka alikuwa chini, amekaa kwenye zulia lililokunjwa, anatazama simu. Hakuna aliyemwambia kitu. Bi Meno alifikiri kushuka. Alifikiri ngazi za ghorofa nne, barabara, ngazi ya kuazima, na wakati anafikiri kunguru alitua kwenye ncha ya bati, akatembea mpaka pale bila haraka.

Bi Meno alizitupa nguo kwenye beseni, akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili teksi ilikuja. Lifti siku hiyo ilifanya kazi, mambo mengine hutokea hivyo. Wifi alitangulia na begi, akawa anabishana na dereva kuhusu buti lisilofunga. Bi Meno alimshika mama mkwe mkono mpaka chini, akamwinamisha kichwa asijigonge mlangoni mwa gari, akamfunga mkanda. Dawa za macho aliziweka kwenye mfuko wa nguo yake na kumshikisha mkono juu ya mfuko huo ili ajue ziko wapi.

"Ya kofia nyeupe asubuhi. Ya kofia ya buluu... hutaona kofia. Ile chupa fupi, jioni."

"Chupa fupi jioni," mama mkwe akarudia. Akaendelea kuushika mkono wa Bi Meno. "Wametoka?"

"Wametoka jana."

"Nilisikia. Wangapi?"

Dereva alifanikiwa kufunga buti, akaingia, akawasha gari.

"Wote," Bi Meno alisema.

"Mdogo naye?"

"Naye."

Mama mkwe alimgeuzia uso. Yale macho hayakumwangalia yeye, yaliangalia kidogo juu ya bega lake. "Haya," akasema, akaachia mkono.

Mwisho wa mwezi Bi Meno aliirudisha nyumba, akahamia chumba cha uani nyuma ya gereji. Dirisha lilikuwa moja, na lilitazama ukuta. Hakuwa na ugomvi na chumba hicho. Kilikuwa na mlango, kufuli na bomba.

Alikuwa akipiga simu. Mwanzoni wifi aliweka simu kwa sauti ya wazi na kuendelea na kazi zake, na Bi Meno alisikia masufuria, watoto, redio, halafu mama mkwe, akisema kwa sauti kubwa kama mtu aliyepanda juu ya kitu.

"Huku tuko chini kabisa, mwanangu. Nyuma yetu ghala, mbele yetu ghala. Kuna jogoo wa jirani. Ndiye ndege wangu."

"Anawika vizuri?"

"Hana saa. Wewe je? Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mama. Dirisha langu linatazama ukuta."

"Huo ukuta una rangi gani?"

Bi Meno alitazama. "Ya jino lililokufa."

Mama mkwe alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kikamezwa na kelele za watoto, na wifi akasema chakula tayari. Lile jambo la salamu hawakuligusa. Pengine wangeligusa siku nyingine, wakiwa peke yao, lakini hawakuwa peke yao tena hata mara moja. Baadaye Bi Meno akipiga aliambiwa Mama amelala. Alipiga asubuhi, amelala. Akapiga saa za mchana akiwa amejificha chooni kazini, amelala. Wifi alisema hivyo kwa unyonge wa mtu asiyejua kusema uongo, na Bi Meno akawa anamwonea huruma, akaacha kupiga kwa muda.

Siku moja, joto limezidi na mvua bado hazijafikiriwa, alijaribu tena. Simu ilipokewa na mama mkwe mwenyewe. Pengine iliachwa kochini, akaipapasa.

"Mama, ni mimi."

Kulikuwa na watu wengi ndani. Mtoto mdogo alikuwa akicheka, kicheko cha mtoto anayerushwa juu na kudakwa. Mwanamke alisema kitu kwa lafudhi ya ugenini. Kisha mwanamume akauliza, "Nani huyo, Mama?" na Bi Meno akaijua sauti hiyo kabla maneno hayajaisha. Alikuwa amerudi, basi, amekuja kuonyesha mtoto.

"Mama?"

"Umekosea namba, dada," mama mkwe alisema.

"Mama, ni mimi."

"Hapana, hapa hayupo. Jaribu kuangalia namba yako vizuri." Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu mzima anayemwelekeza mgeni njia. Bi Meno aliikaza simu sikioni, akasikia pumzi ya mama mkwe karibu kabisa na simu. Kisha ikakatwa.

Alikaa na simu mkononi. Aliwaza kwamba atapigiwa wageni wakitoka sebuleni. Aliwaza kwamba atapigiwa kesho. Aliweka simu kwenye chaji asije akakosa, akailaza kando ya mto. Baada ya siku nyingi wifi alimwandikia maneno machache. Wifi nisamehe, kaka hataki Mama awe na mazoea na wewe, inamletea tabu, mke wake anauliza. Bi Meno alijibu kwamba ameelewa. Hilo lilikuwa jambo la kweli, alikuwa ameelewa, hata asingeweza kumlaumu mtu. Mama yule alikuwa na kiti kimoja tu cha kukalia sasa, na pesa za kukilipia zilitoka kwa mwanawe.

Sauti ya mama mkwe hakuisikia tena.

Kazini hakumwambia mtu. Alikuwa na seti ya juu na ya chini ya mzee mmoja aliyetaka meno ya kijana, na alikuwa amechelewa nayo. Fundi wa plasta alikuwa akichanganya bakuli lake mezani pembeni, mkono umeloa mpaka kiwiko, akiimba chini kwa chini wimbo asioujua maneno.

"Siku nyingi hujamtaja yule bibi yako," alisema. "Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo," Bi Meno akajibu, akawasha mashine ya kung'arishia.